Kisa cha Mwalimu pale Llulluchapampa

Nimekaa na hii kitu karibu mwaka mzima bila kuiandika, na naandika sai juu Mwalimu mwenyewe ameniambia niandike. Ameisoma yote na hajatoa hata mstari. Kila mara kundi fulani la Nairobi likianza kupanga kwenda Machu Picchu, ule mji wa kale wa mawe kule milimani Peru, kuna mtu hunipigia kuuliza ilikuwaje Mwalimu wetu akaugua kwa mwinuko njiani, na wote huanzia hapo hapo, ati kwani huyo dada hakuwa amefanya mazoezi? Alikuwa amefanya. Kati yetu sote tisa hakuna aliyekuwa na miguu kama yake. Watu wanatafuta kosa kwa miguu yake na halikuwa huko.

Sisi ni kundi la kawaida la kupanda milima, tulianza na kutembea Karura Jumamosi asubuhi, tukaenda Ngong, Longonot, tukaingia Aberdares na matope yote ya mianzi ya Elephant Hill, mwishowe Mlima Kenya. Kuna wawili wa benki, kuna nesi, kuna Mwalimu anayefundisha Gredi ya Tano huku Eastlands, na kuna Mzee. Mzee alikuwa fundi wa ujenzi miaka karibu 40, amejenga kwa mawe ya Ndarugo kutoka Kahawa mpaka Rongai, na yeye ndo alileta wazo la Machu Picchu. Alikuwa na picha moja ya ukuta wa huko kwa simu yake, mawe makubwa yamekaliana bila saruji hata kidogo, na kila tukikaa chini kupumzika ananisogezea, "Katibu, hebu angalia vile hii imeshikana, na hawa watu hawakuwa na chuma." Mji wenyewe ulijengwa kama mwaka wa 1450 wakati wa Pachacuti, mtawala wa Wainka, ukakaliwa kama miaka 100 hivi kisha watu wakaondoka. Mzee hakujali sana tarehe, alitaka kushika huo ukuta kwa mkono wake. Tukaanza kuchanga kwa M-Pesa kila mwezi na mimi ndo nilikuwa naweka hesabu.

Sasa, ile njia ya siku nne ya kwenda huko kwa miguu si kama Longonot ambapo unaamka tu unaenda. Kuna kibali, na kwa siku wanaruhusu watu 500 peke yake, na hapo wamehesabu waongoza njia na wapagazi, kwa hivo wageni ni chini ya nusu. Kibali kinaandikwa jina lako na namba ya pasipoti yako, ukishindwa kuenda hakuna mtu mwingine anaweza kukitumia, na mwezi wa pili njia inafungwa kabisa kwa ukarabati. Tulikata vyetu miezi mingi kabla. Nataka mtu ashike hiyo vizuri, juu ilikaa ndani ya kichwa cha kila mmoja wetu mpaka siku ya pili ya safari, kwamba hii nafasi ni moja na ni yako na ukiiacha imeenda.

Ratiba ya kwanza niliyoandika ilikuwa na usiku tatu kabla ya kuanza kutembea. Cusco iko mita 3,400 hivi juu ya bahari, na sisi tungefika huko na ndege kutoka Lima ambayo iko kando ya bahari kabisa, yaani asubuhi uko kama Mombasa, saa sita mchana uko juu kuliko kambi ya Old Moses kule Mlima Kenya. Usiku tatu ilikuwa ya mwili kuzoea. Halafu mambo ya likizo yakaanza. Wa benki walikuwa wamepewa siku chache, hoteli nayo usiku mbili za ziada mara watu tisa si pesa kidogo, na mtu mmoja akaandika kwa grupu kwamba sisi ni watu wa Nairobi, tunaishi mita 1,795, na tumefika Lenana, kilele cha Mlima Kenya ambacho watembeaji hufika, tunaenda kuzoea nini tena? Nikaweka kura kwa grupu. Saba wakasema tupunguze. Mimi nikapunguza, usiku tatu ikawa moja.

Ile hoja ya Lenana nataka niiongelee kidogo juu bado naisikia kwa watu. Ni kweli tulifika Point Lenana, mita 4,985, kupitia njia ya Sirimon. Lakini angalia tulivyofika. Usiku wa kwanza Old Moses, mita 3,300, usiku wa pili kambi ya Shipton's, mita 4,200, hiyo ni mita 900 kwa siku moja wakati wanaojua haya mambo wanasema ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Mlima Kenya una sifa mbaya kwa hili jambo duniani kote, si kwa sababu ni mrefu kushinda mingine, ni kwa sababu ni rahisi kuukimbilia wikendi ndefu. Na hapo Shipton's Mwalimu alitapika mara mbili, akalala bila kula, saa nane usiku akaamka, akavaa glavu akapanda. Tulipofika juu tulimpigia makofi, tukampa jina, Ngangari. Hilo jina nililiandika mimi kwa grupu na likakaa. Kumbe mtu ambaye ashawahi kuugua kwa mwinuko ndo yuko kwa hatari kubwa ya kuugua tena akipanda haraka vile vile. Sisi tulichukua dalili tukaifanya sifa.

Cusco tukafika tumechoka, ndege tatu na masaa manane ya tofauti, kila mtu kichwa kinauma. Pale hotelini wanakupa chai ya majani ya koka, inasaidia watu kujisikia vizuri kidogo lakini haizoeshi mwili, na majani yenyewe usijaribu kurudi nayo JKIA. Mwalimu aliumwa kichwa kama wengine, akakataa chakula cha jioni, akasema ni usingizi. Nesi wetu alikuwa amebeba Diamox, vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na akagawia walioitaka. Mwalimu alisema hataki vidonge, hakusema kwa nini. Alikuja kuniambia baadaye sana kwamba akiwa sekondari alipewa Septrin ikamtoa mapele mwili mzima, na alikuwa amesoma mahali kwamba Diamox na Septrin ni jamaa, na aliogopa akisema hivo nesi atamwambia asipande. Kwa kweli hilo ni swali ambalo daktari anaweza kulimaliza Nairobi kwa dakika kumi, wiki sita kabla, na kuna watu wengi wa namna yake wanakubaliwa kuitumia baada ya kuangaliwa. Lakini hakuna mtu alimuuliza, na fomu yangu ya afya ilikuwa na mstari mmoja tu, "Je, una ugonjwa wowote?" Septrin si ugonjwa, kwa hivo aliandika hapana.

Asubuhi tukapelekwa na matatu ndogo mpaka Kilomita 82, ni jina tu la mahali kwa reli, hapo ndo wanakagua pasipoti na kupima mizigo ya wapagazi kwa mzani. Hapo uko kama mita 2,700. Siku ya kwanza ni kama kilomita 12 na unalala karibu na Wayllabamba, mita 3,000. Na hapa ndo mahali pa kwanza kisa kilitudanganya. Siku hiyo Mwalimu alikuwa sawa kabisa, anacheka, anaongoza nyimbo, na sisi tukasema, si unaona, mwili umezoea. Haukuwa umezoea, tulikuwa tumeshuka tu. Tungelala zile siku za kwanza Ollantaytambo, mji mdogo njiani ambao uko mita 2,800, badala ya kulala Cusco, mwili ungeanza kazi yake pole pole na tungeokoa hata pesa ya hoteli. Hiyo kitu ilikuwa kwa ramani tangu mwanzo na sikuiona, juu kila mtu husema Cusco, Cusco.

Jioni ya siku ya kwanza, tukiwa kwa meza ya tenti kubwa, nesi akauliza, "Wasee, wote mko aje?" Tukajibu pamoja, fiti. Mwalimu pia. Nimefikiria hilo swali kuliko kitu kingine chochote kwa hii safari. Sisi watu wa Nairobi tukiulizwa uko aje, kuna jibu moja, na ukitoa lingine ni kama umeharibu salamu. Mtu anaweza kuwa amefukuzwa kazi asubuhi na bado akwambie poa. Nesi aliuliza swali la afya kwa maneno ya salamu, mbele ya watu wanane, kwa mtu anayeitwa Ngangari, aliyechangiwa na walimu wenzake na aliyeahidi watoto wake wa Gredi ya Tano picha. Angejibu nini kingine? Usiku huo kichwa kilikuwa kimerudi, akameza paracetamol mbili peke yake gizani.

Siku ya pili ndo ngumu. Unatoka mita 3,000 unapanda mpaka njia ya mlimani inaitwa Warmiwañusca, mita 4,215, kwa Kikechua ni mwanamke aliyekufa, juu mlima wenyewe ukiuangalia kwa mbali ni kama mwanamke amelala chali. Ni mita 1,200 za kupanda kabla ya chakula cha mchana cha maana. Mwalimu alianza mbele kama kawaida yake na saa mbili baadaye alikuwa nyuma yetu wote. Hakuna aliyeshtuka, tulidhani anapiga picha. Tulipofika Llulluchapampa, mita 3,800, uwanja fulani wa nyasi ambapo watu hupumzika, tulimngoja dakika 35. Alipotokea alikuwa anatembea na mwongoza njia msaidizi amemshika kiwiko. Akakaa, akatapika, akasema ni maharagwe ya jana.

Mwongoza njia wetu mkuu hakubishana naye. Alimwambia asimame, akamwonyesha mstari kwa udongo, atembee kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi. Hatua ya tatu akapepesuka. Akajaribu tena, akapepesuka hatua ya pili. Nesi aliniangalia tu na nikajua, juu mtu kuumwa kichwa huko juu ni kawaida, lakini mtu kushindwa kutembea kwa mstari maana yake ubongo umeanza kuvimba, na hiyo inaua kwa masaa. Wakamwekea oksijeni, nesi akampa deksamethasoni aliyokuwa nayo, dawa ya kupunguza huo uvimbe. Kile kifaa cha kubana kidole cha kupima oksijeni kwa damu kilisoma asilimia 72 kwake wakati sisi wengine tulikuwa 84, 86.

Hapo ndo tukaanza kubishana, na naandika hii sehemu na uchungu. Watu wazuri, marafiki wa miaka, walisema mambo ambayo tungesema popote pale Nairobi: tutambebea begi, tutaenda pole pole, tumetoka pamoja tutafika pamoja. Mmoja akasema yuko karibu, ni mita 400 tu zimebaki kisha ni kushuka. Mwalimu mwenyewe alikuwa anasema chini chini, naweza, naweza. Mwongoza njia akangoja tumalize, kisha akatueleza kitu ambacho ningekijua ningekuwa nimesoma ile ramani kama ramani na si kama picha. Ukivuka Warmiwañusca unashuka kwa kambi ya Pacaymayo, mita 3,600. Ni kweli ni chini. Lakini hapo uko kwa shimo katikati ya milima miwili, mbele yako kuna njia nyingine ya kupanda, Runkurakay, karibu mita 4,000, na nyuma ni ile 4,215 uliyotoka. Akisha kuwa mgonjwa huko usiku, kwa njia hii kila upande wa kumtoa unaanza na kumpandisha. Hapa tulipokaa, akasema, bado chini ni chini.

Nikisikia watu wanasema uamuzi ulikuwa mgumu, haukuwa mgumu. Ulikuwa umebaki na jibu moja tangu hatua ya tatu ya ule mstari. Kilichokuwa kigumu ni swali lililofuata, nani anashuka naye. Msaidizi angeshuka, lakini huwezi kumwacha mtu aende na mgeni ambaye hawaelewani lugha. Na kila mtu aliyekuwa pale alijua ukishashuka, kibali kimeisha. Kukawa kimya. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu. Katibu, aliyepunguza zile usiku mbili, aliyeandika lile jina, na nilikuwa naangalia viatu.

Mzee akavua kofia akasema, "Binti yangu, wacha mimi nishuke na wewe. Magoti yangu pia yanataka kushuka." Magoti yake hayakuwa na shida yoyote. Hapo ndo sauti yangu ilipatikana. Nikamwambia Mzee hapana, wewe una ukuta wa kushika, mimi ndo nashuka. Alinishika mkono akaubana na hakusema kitu.

Kushuka kulituchukua masaa matatu na nusu mpaka Wayllabamba. Ningependa kila mtu anayepanga safari za milima aone nilichoona siku hiyo. Mita 200 za kwanza alikuwa ananiegemea na hajui ni siku gani. Karibu mita 3,400 akaniuliza kama tumebeba chai. Wayllabamba alikunywa supu bakuli mbili na akaanza kulia, na alikuwa analia kwa sababu akili ilikuwa imerudi na amejua ni nini kimetokea. "Nimewaharibia," alikuwa anasema, "nimewaharibia pesa." Mtu alikuwa karibu kufa na anahesabu michango yetu. Asubuhi tukateremka mpaka Kilomita 82 kwa miguu yake mwenyewe, pole pole, na Ollantaytambo daktari wa kliniki akamwangalia akasema mapafu yako sawa, alale, asipande tena juu ya hapo alipo. Machu Picchu iko chini ya hapo, kama mita 2,430, watu wengi hawajui hiyo, magofu yenyewe yako chini kuliko Cusco kwa karibu kilomita nzima. Kwa hivo daktari akakubali tupande treni.

Siku ya nne asubuhi tukachukua basi kutoka ule mji ulio chini ya Machu Picchu na tukakutana na wenzetu ndani ya magofu. Walikuwa wameingia kupitia Inti Punku, lango la jua, wameamka saa tisa usiku, wana matope mpaka magotini. Mzee hakuwa nao. Tulimpata peke yake mbele ya ukuta mmoja, ameweka ukucha wa kidole gumba kwa mshono wa mawe mawili na ukucha hauingii. Akatuonyesha vile ukuta umelala ndani kidogo na vile milango ni mipana chini na myembamba juu, "tetemeko likija linacheza na kurudi mahali pake, hawa walikuwa wanajua." Kisha akamwita Mwalimu aweke ukucha wake pia. Ile picha aliyoahidi watoto ni hiyo, mikono miwili kwa jiwe moja.

Tuliporudi Nairobi kulikuwa na mkutano, na kuna waliotaka tuandike sheria kumi. Tukaandika chache. Ratiba haipigiwi kura tena, nesi na mimi tunaipanga kulingana na mita na asiyeweza kupata likizo anangoja safari nyingine. Kuna mfuko wa kumlipia yeyote anayeshuka na mgonjwa, ili asiangalie viatu. Fomu sasa inauliza dawa gani zimewahi kukudhuru, na ulijisikiaje mara ya mwisho ukiwa juu. Jina la Ngangari limefutwa kwa grupu na Mwalimu ndo aliomba.

Lakini kilichobadilisha kundi kuliko zote ni yeye alikianzisha. Kuna yale maswali manne wanayotumia duniani kote kupima ugonjwa wa mwinuko, kichwa, tumbo, uchovu, kizunguzungu, kila moja alama 0 mpaka 3, ukifika 3 na kichwa ni mojawapo basi unaugua. Nikimhesabia Mwalimu ile usiku ya Cusco napata 4. Ilikuwa pale mezani na hakuna aliyehesabu. Sai yeye ndo anahesabu, na hafanyi mbele ya watu. Anakuja tenti kwa tenti, na njiani anakuja kando yako, na haulizi uko aje. Anauliza, "Nini inauma?"

Mwezi uliopita tulikuwa Aberdares tunapanda Satima, mita 4,001, ukungu umeshuka na kilele kilikuwa kimebaki kama nusu saa. Akanifikia, akanitazama vile huwa anatazama watoto wake, akauliza nini inauma. Nikataka kusema hakuna. Nikamwambia kichwa, tangu saa tatu, na tumbo limeanza. Akavua begi, akakaa kwa nyasi, akapiga firimbi wengine wangoje.